Zimeota

Jumatatu, 3 Machi
Kuna jambo nimemficha binti yangu kuhusu chupa ile ya kituo cha mbegu. Nimewaficha wote. Nilidhani nitazikwa nalo.

Binti, mkuu wa kituo sasa, kaja jioni kunijulia hali, viatu vimejaa udongo. Mnyauko, ugonjwa wa nyanya, umeshuka mabondeni. Shamba linaamka kijani, linalala kama limemwagiwa maji ya moto. Nchi nzima inapanda nyanya moja — ile niliyoizalisha mimi!

"Usihofu, Baba, tuna nyanya chungu yako." Si ile ya sokoni; ni ya mwitu, niliyoiokota kwenye kilima cha mawe. Mnyauko hauigusi. Watachukua shina na mizizi yake, juu waunge nyanya ya kawaida. Kilima chenyewe kimeshachimbwa kokoto. Imebaki chupa ya mbegu zake kituoni.

Nikaomba maji.

Alhamisi, 6 Machi
Wamezilaza mbegu kwenye karatasi yenye maji. Naomba zisiote. Dua gani hii, kwa mzee wa mbegu!

Jumanne, 11 Machi
Zimeota. Karibu zote. Binti kacheka kwenye simu kama alipokuwa mdogo. Muuguzi naye: "Mzee, una mkono wa baraka! Umelala kitandani, miche inaota!"

Nimegeukia ukutani.

Mwaka niliozileta mbegu zile kituoni, mkubwa mmoja alikuwa anakuja kukagua. Nikataka rafu ya chupa ipendeze. Nikazifunga mbegu hazijakauka — kosa ambalo ningemfukuzia mwanafunzi. Zikavunda ndani ya chupa. Nilizipima mwenyewe, hakuna iliyotoa hata ncha.

Maiti haioti.

Ijumaa, 28 Machi
Wakulima wameambiwa wang'oe nyanya zote, wasubiri miche ya kituo.

Binti kaniletea mche mmoja kwenye kikombe. Kakonda, mwanangu. Hakuna muda wa kuujaribu kwa ugonjwa, kasema, na vijana wake hawajawahi kuiona ile nyanya chungu ikiwa hai. "Pua yako ndiyo muhuri, Baba. Ukikubali tu, malori ya miche yanaondoka."

Nikasugua jani. Nyanya chungu inanuka mafuta ya taa, hata mlevi hawezi kuikosea. Hili lilinukia nyanya ya jikoni.

Nikaitikia kwa kichwa. Kanibusu kipaji cha uso, akatoka na simu.

Yuko ukumbini. Namsikia: ndiyo, Mzee kathibitisha, pakieni. Muuguzi ananiambia niache kuandika, nilale. Nimemwambia amwite binti. Upesi! Kasema ngoja amalize simu.

Akiingia, kabla hajaketi, nitamwambia: mbegu za chupa ile si za kilimani, nilizikamua kwenye nyanya za mchuzi, jikoni kwa mama yako.