Neno Nililolisema Pale Kikorongo

Bwera, Ijumaa. Mvua tangu alfajiri, milima haionekani.

Niwie radhi, shajara yangu. Tangu masika yaliyopita sijakufungua. Mimi mwalimu wa Kiswahili, niliyewalazimisha watoto wa watu kuandika kila siku, hata siku isiyo na jambo, nimenyamaza. Sikukosa la kuandika. Niliogopa kuliandika.

Leo nimemsindikiza Ingrid hadi stesheni ya Kasese. Ameondoka.

Alikuja kwetu kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi wa shahada ya pili wanaosomea utawala na sera za serikali. Sisi tulimtoa binti yetu wa kwanza, Masika, akaenda kuishi na wazazi wa Ingrid huko kwenye theluji. Wao wakatupa binti yao. Masika alikwenda kuchunguza jinsi miji midogo inavyojitawala. Ingrid alikuja kuchunguza soko letu la mpakani: nani huamua ugomvi iwapo muuzaji ni wa upande wa Kongo na mnunuzi ni wa upande wetu. Aliketi na wanawake wa mihogo na chumvi hadi akasema Kiswahili kama wao, na masikio yangu yakateseka kila siku.

Sisi Wakonzo huwaita watoto kwa utaratibu wa kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu ni Kabugho. Mimi nimezaa wawili tu. Mke wangu alipomwona mgeni amemaliza ugali wa muhogo na kuomba mwingine, alisema, "Huyu ni Kabugho." Nilipinga, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu. Hakuna aliyenisikiliza.

Sasa chuo chake kimemwita arudi kabla ya wakati, kwa ajili ya hali ya nchi. Mwaka wa Masika nao unakwisha, na walimu wake wa huko wamempa nafasi ya kubaki. Ameniuliza: Baba, nirudi au nibaki? Nitafanya utakavyosema.

Kabla wanajeshi hawajashika serikali, ningejibu papo hapo. Nilisimama kanisani mbele ya ukoo nikaahidi kwamba anakwenda kujifunza ili arudi kuitumikia wilaya hii. Ahadi ile ni yangu, si yake.

Lakini Bwambale, mtoto wa jirani yangu, alikwenda kwa mpango uleule kabla yake, akarudi, akapewa kazi katika ofisi ya wilaya. Mkutanoni aliuliza gari la zahanati lilipelekwa kambi ya jeshi kwa idhini ya nani. Aliuliza kwa adabu, kama alivyofundishwa huko. Kesho yake askari walimfuata ofisini. Hajaonekana tena. Baba yake bado hunisalimu, lakini hanitazami usoni.

Masika aliwahi kutusimulia katika barua kwamba aliketi katika baraza la mji mmoja, na watu wazima wakabishana jioni nzima kuhusu taa moja ya barabarani. Walimkaripia meya wao, kisha kila mtu akaenda kulala nyumbani kwake. Mke wangu alicheka hadi akafuta machozi. Mimi niliisoma tena ile sehemu ya kwenda kulala.

Leo asubuhi tulipanda gari la misheni. Pale Kikorongo, njiani kwenda Kasese, palikuwa na kizuizi cha askari.

"Wewe mzee, toka inje! Huyu muzungu iko nani?"

Kabla sijafungua kinywa, Ingrid alijibu, "Miye Kabugho, afande. Mutoto wa Bwera."

Askari akaangua kicheko. "Kujeni musikie! Muzungu iko Mukonjo!" Wenzake wakaja, wakamwambia awasalimu kwa Kikonzo. Akawasalimu. Wakacheka tena, na mimi nikadhani tumepita.

Ndipo yule wa kwanza aliponigeukia. "Mzee, mimi nilikaa Kasese, najua majina yenu. Kabugho ni ya tatu. Ya kwanza iko wapi? Masika iko wapi?"

Siku hizi mwenye mtoto ng'ambo huulizwa na askari ni siri gani za nchi anazompelekea. Hilo kila mtu analijua. Nilitazama bunduki yake, nikatazama sanduku la Ingrid lililojaa karatasi za utafiti.

Nikasema, "Amefariki."

Askari akavua kofia. Sikutegemea hilo. "Pole, mzee. Hata mimi, ya kwanza yangu nilizika." Akaamuru kizuizi kiondolewe. Hakuna aliyegusa sanduku.

Nilimzika mwanangu kwa neno moja, nikapewa rambirambi, nikazipokea. Nilisema asante.

Tukafika Kasese. Stesheni, gari moshi likiwa limekwisha kupiga honi, alinishika mikono yote miwili.

"Baba, nitaona Masika. Nimwambie nini?"

Kwa mara ya kwanza sikumsahihisha.

"Mwambie tunakula vizuri."

"Na ile ya barabarani?"

"Hiyo usimwambie."

Alilia waziwazi. Mimi nilisimama wima, kwa kuwa sijui kusimama vingine.

Nilirudi Bwera jioni, mvua ikiwa bado inanyesha. Mwanamke mmoja wa mihogo akaniita kutoka kibandani, kwa sauti ya kusikika soko zima: "Baba Masika! Baba Masika! Kabugho alipanda salama?"

Hapa hakuna anayetumia jina langu. Tangu binti yule azaliwe, mimi ni Baba Masika, kanisani, sokoni, hata kwa wanafunzi wangu wa zamani. Nilisimama kwenye matope. Kisha nikaitika.

Nyumbani mke wangu aliniuliza, kabla hata sijavua koti, "Umempa Kabugho jibu gani ampelekee mtoto?"

"Bado."

"Bado ni jibu gani? Mtoto anangoja."

"Wewe wataka nini, Mama Masika?"

"Nataka arudi. Na nataka awe hai. Usinichagulishe. Ni wewe uliyesimama kanisani."

Akaenda jikoni. Sijamwambia nilichokisema pale Kikorongo, na sijui nitamwambiaje.

Nikimwambia Masika abaki, huenda nisimwone tena, na pole ya yule askari itakuwa imenistahili. Nikimwambia arudi, huenda ikanistahili zaidi.

Shajara yangu, nitakufunga tena. Tutakapokuwa tumeamua, mama yake na mimi, nitakufungua na kuandika, liwe jibu lolote. Neno la kwanza litakuwa jina lake.