Mkojo wa Pimbi

Jumapili, 9 Februari 1969



Leo ningekufa kwa sababu ya mkojo. Si wangu, ni wa pimbi. Unagandia kwa mawe huko milima ya Manga miaka mingi mpaka unakuwa mweusi kama lami, na mnunuzi wa Mombasa anasema Ulaya wanatia kwa manukato ya mabibi matajiri. Keshokutwa ananingoja sokoni Daraja Mbili nimletee gunia limejaa. Langu bado ni nusu.

Nilikuwa nimening'inia kwa jabali, rafiki yangu Ombati ameshika kamba huko juu. Mimi na mdomo wangu nikamwita, "Ombati, bwana ya huyo mama tajiri wa Ulaya akimbusu shingo, anabusu choo ya pimbi."

Ombati akacheka. Mtu akicheka mikono inalegea. Nikashuka ghafla kama ndoo kisimani, halafu kamba ikanikamata kwapani.

"Wewe hujui kunyamaza?" akaniuliza alipomaliza kunivuta juu. Alikuwa analia.

Nyumbani mke wangu Bosibori akaona vile nimechubuka. "Baba Moraa, hii ni nini?"

Nikasema malaika alinibeba vibaya. Hakucheka. Alichukua panga na ile kamba, akatoka.

Nilipoenda kuangalia, kamba ilikuwa vipande viwili. Kimoja kimefunga ng'ombe, kingine ndama.

Nilikula ugali yote.

Kesho asubuhi Ombati akija twende tena, nitamwonyesha huyo ndama. Nitajifanya nimekasirika sana.