Nukta Arobaini na Saba za Blauzi Moja

Dukani kwetu, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shemeji,

Hujambo huko uliko? Na mwenzio, mgongo wake umepoa, au bado anainuka kitini kwa awamu? Bonge wenu ameshaota meno ya mbele, au bado anacheka kwa ufizi? Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Kitinda wetu anakula na mara mojamoja anacheka. Mimi usingizi umerudi, namshukuru Mungu, ila bado nalala upande wangu tu wa kitanda.

Najua umenikasirikia. Huu mwezi wa tatu unaniomba daftari la dada yako, lile la miraba alilokuwa akichorea kitandani, na kila ukipiga simu nakwambia kesho. Si choyo, Shemeji. Leo nimekaa nikueleze kwa maandishi, maana kwenye simu huwa naishia kuuliza hali ya hewa.

Mchoro wa mwisho uliomo mle ni wa blauzi ya Kitinda, ya kuvaa siku atakapokabidhiwa cheti chake cha uuguzi. Kitambaa dada yako alikichagua mwenyewe, kipande kimoja, rangi ya maziwa yaliyoguswa na chai, na duka alikokinunua limeshafungwa. Mkasi ukikosea hakuna pa kukimbilia. Siku yenyewe ni Jumamosi ya tarehe 29. Nilimshauri mtoto tununue blauzi iliyoshonwa tayari, akauliza:

"Hiyo ilichorwa na mama?"

Sikurudia tena.

Tatizo ni kwamba dada yako hakuweza kusimama kwenye meza ya kukatia. Kwa hiyo aliichora ndogo, robo ya ukubwa wake, daftari likiwa limeegemea magotini. Akasema akipata nguvu ataikuza. Hakuzipata. Na mimi, unanijua, miaka yote kazi yangu katika hili duka ilikuwa kupiga pasi na kutia vifungo. Kuchora sijui.

Nikaanza kwa fotokopi. Mchoro ulikua, lakini na mstari nao ukakua, ukanenepa kama kidole changu cha mwisho. Fundi jirani, ambaye amekubali kukata na kushona, aliigeuzageuza ile karatasi.

"Mzee, nikate ukingo wa ndani au wa nje? Au nipite katikati huku naomba dua?"

Alitaka nimletee mstari mmoja, mwembamba, usio na shaka.

Ndipo nikaelekezwa kwa binti anayechapa mabango mtaa wa nyuma. Huko ndiko ninakoshinda kila alasiri, wiki ya tatu sasa, na mara kadhaa nimetamani kuvunja kitu. Kompyuta yake haichori kama penseli. Unaweka nukta, unaweka nyingine, na yenyewe inaziunganisha kwa mstari ambao hata ukiukuza vipi haunenepi. Picha ya ukurasa wa dada yako iko chini, mimi napita juu yake. Ukibonyeza na kuachia, unapata kona. Ukibonyeza na kuvuta, ile nukta inaota vijiti viwili, huku na huku. Binti anaviita masharubu, na masharubu ndiyo yanayouambia mstari upinde vipi.

Mbavu na mabega nilimaliza siku moja, maana hayo yamenyooka. Kwapa, Shemeji! Kwapa limenitoa jasho. Lile tao linaloshuka kutoka begani, likaingia ndani, kisha likazunguka kwenda ubavuni, dada yako alikuwa akilichora huku anabishana na mteja. Mimi nikiweka sawa nukta hii, ya jirani inavimba. Nikivuta sharubu la juu, la chini linapiga teke na mstari unatoa nundu. Nikiishusha nundu, mbele yake linafunguka bonde. Siku moja nilipambana na nundu moja tangu baada ya chakula cha mchana mpaka binti akaanza kufagia chini ya miguu yangu, na nilipotazama vizuri nikakuta nimeirudisha palepale ilipoanzia.

Nikadhani dawa ni kuongeza nukta. Nilisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo, na kila mahali penseli ya dada yako ilipotikisika, nami nikatia nukta. Sikutaka kupoteza hata chembe ya mkono wake. Zikafika arobaini na saba, kwapa la mbele peke yake. Binti akapita nyuma yangu na kikombe chake, akasimama.

"Baba, unachora au unatia vifungo?"

"Naufuata mstari."

"Mstari upi? Hiyo ni barabara iliyonyeshewa. Kwapa linataka nukta tatu, zikizidi sana nne. Futa."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye hakumjua aliyeuchora, basi asinifundishe cha kufuta. Akaenda kwenye mabango yake. Tangu hapo alinisaidia bila utani, na hilo liliniuma zaidi ya utani wenyewe.

Kwa ukaidi wangu tukauchapa ukubwa kamili. Nikaja nao nyumbani, nikautandaza kwenye meza ya kukatia, nikamwita Kitinda. Mtikisiko ambao daftarini ulikuwa kama unywele sasa ulikuwa mawimbi. Mtoto akapitisha kidole polepole, akifika kwenye wimbi anasita, anaendelea. Halafu akasema, "Baba, hapa mkono wake ulikuwa umeshaanza kutetemeka. Ni zile dawa za mwisho."

Yeye amesomea hayo mambo, aliona nisichokiona. Nilivuta kigoda nikakaa. Wiki mbili nzima nilikuwa nakuza ugonjwa wa dada yako, kwa uangalifu mkubwa, ili nije nimvike mwanawe.

Siku mbili sikwenda kwa binti. Nilikaa tu mbele ya ile meza, nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani. Jumatano ndipo nikakumbuka kitu kidogo sana. Dada yako alikuwa anasimika kiwiko mezani, mkono unazunguka kama mlango kwenye bawaba, penseli inatoa tao. Kisha anahamisha kiwiko, anaendelea. Mimi nikiwa nimempa mgongo, niko kwenye pasi, nilikuwa nasikia: tuk, kimya, tuk, kimya, tuk. Kwapa likawa limekwisha. Miaka ishirini na sita nimeisikia hiyo sauti nikidhani ni kelele za kazi. Sikuwahi kugeuka nikamuuliza.

Alhamisi nikarudi, nikaomba radhi. Binti akataka kunionyesha namna ya kufuta nukta zote kwa pigo moja. Nikakataa. Nilizifuta mojamoja, zote arobaini na saba, naye akavuta kiti akakaa nami. Kisha nikaweka tatu, pale ambapo kiwiko kingegonga: begani, pale tao linapozama ndani kabisa, na ubavuni. Nikayavuta masharubu yakawa marefu. Ule mstari, Shemeji, ukalala.

"Haya, Baba," akasema. "Hilo sasa linavalika."

Usidhani nimemaliza. Ijumaa tulichapa, nikapima kwa tepu, nikakuta kwapa limepungua nusu inchi, kwa kuwa mashine iliamua yenyewe kuubana mchoro uenee kwenye karatasi. Nilitamani kuitupa nje ile mashine nami niifuate. Jana tukachapa tena. Fundi jirani akajaribia kwenye shuka kuukuu, na mkono wa blauzi ukaingia kwenye kwapa bila kukunjamana hata mahali pamoja. Aliitikia kwa kichwa tu, na kwa ulimi wake ule, kunyamaza ni sifa.

Kitambaa chenyewe bado hatujakigusa. Imebaki shingo ya nyuma, nayo inanipiga chenga. Kwenye shingo sikumbuki kama zilikuwa tuk mbili au moja, na nikibahatisha inatoka shingo ya kuku. Wewe ulilala naye chumba kimoja wakati anajifunza ushonaji. Ukikumbuka, nipigie, hata kama nitaanza na hali ya hewa. Kesho nitakuwa kwa binti kuanzia adhuhuri.

Daftari lako liko humu kwenye bahasha, nimelizungushia gazeti. Picha ya ule ukurasa tunayo, kwa hiyo silihitaji tena kwa kazi, nalihitaji kwa mambo mengine tu, na kwa hayo nimekaa nalo vya kutosha. Ukurasa wa mwisho usiupitishie kalamu wala kuusugua. Ule mtetemeko tumeuondoa begani kwa mtoto, lakini sikuweza kuuacha upotee kabisa. Kaa nao wewe, mdogo wake.

Nisalimie mwenzio na mgongo wake, Bonge na ufizi wake, na mama mkwe umwambie lile shuka lake la maua ndilo tulilolikata, anisamehe. Kitinda anakuamkia, anasema siku ya cheti atakutumia picha akiwa amegeuka, uone na nyuma. Mungu awafunike nyote, na afya isiwapungukie.

Na ukilifungua hilo daftari, Shemeji, nikumbuke na mimi.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama alivyokupenda yeye,
Mpiga Pasi