Njia Tatu za Kumtoa Mzee Mnarani

Jumapili, 3 Agosti 2025

Nimefanya jambo leo ambalo sijui kama ni haki. Naliandika hapa maana sina pengine pa kulisema.

Tulicheza kwa Nyokabi kama kila Jumapili baada ya kanisa — viti vimesukumwa ukutani, dadu kwenye sahani ya chai. Ni miaka miwili sasa tangu mgeni asahau kitabu cha mchezo na dadu zake katika hoteli anayopika Cliff, na Cliff akaambiwa achukue. Mimi ndiye mwendeshaji. Nasimulia nchi ya kubuni, nasema kwa sauti ya kila mtu wanayekutana naye, nao watatu wanaamua la kufanya. Joram, fundi umeme asiyeweza kuua mende, ni shujaa wa shoka. Cliff ni mwizi. Nyokabi, mwalimu wa chekechea, ni mjumbe asiyebeba silaha ila ulimi.

Leo niliwapa kisa kipya. Kijiji cha Mwambazi. Mtoto amekufa. Watu wanasema mzee mmoja wa hapo ndiye aliyemla kwa uchawi. Wamemfungia mnarani mpaka mwezi uandame. Mtoeni!

Sikuwaambia kwamba mzee huyo ni Tsawe — babu yangu, Mzee Thoya wa Vitengeni. Sikuwaambia kwamba Alhamisi shangazi Kadii alinipigia akilia. Mtoto wa Kalume alizikwa mwezi uliopita, na sasa kikaratasi kimepenyezwa chini ya mlango wa Tsawe: mvi zako tunazihesabu. Na anayewaongoza wanaomtuhumu ni Kalume, mwanawe wa kumzaa! Baba yangu mdogo.

Joram hakungoja. Mlango chini, shoka juu. Dadu, ile ya pande ishirini, ikatua kumi na nane. Walinzi saba wakalala. Cliff alipiga meza mpaka chai ikamwagika, na mimi nilishangilia, nilishangilia kweli, damu ilinichemka.

Kisha Nyokabi akauliza: sisi tukiondoka kesho, mzee anabaki na nani?

Nikasema muda umekwisha.

Jumanne, 5 Agosti

Lewis, mtoto wa shangazi Kadii, kapiga simu kutoka Mtwapa. Ana vijana wanne wa mjengo, wote mikono kama miti. Anataka waje Vitengeni, wamchape Kalume na wenzake mara moja tu, heshima irudi. Anayetaka kumchapa ni mjomba wake.

Nilikaribia kusema njoo. Neno lilishafika mdomoni. Nikamkumbuka Nyokabi na swali lake. Nimemwomba Lewis anipe muda. Kasema mwisho Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu, baada ya hapo nimwambie nisimwambie, anakuja.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda polisi kuripoti. Wamenisikiliza vizuri, wakaniomba nilete kikaratasi. Nikampigia Kadii. Alishakichoma! Kwa hofu. Hakutaka kilale ndani ya nyumba hata siku moja.

Jumapili, 10 Agosti

Nina kanuni moja mchezoni: lililotendeka limetendeka, haturudi nyuma. Leo nimeivunja. Nimewaambia wasahau shoka, waanze upya. Joram kaniangalia vibaya, lakini ni muungwana, akakubali.

Zamu ya Cliff. Akajifanya mchuuzi wa chumvi, akamtia mzee ndani ya pipa, akapita naye langoni akipiga mluzi. Dadu ikatua kumi na tano. Hakuna tone la damu! Tulicheka. Cliff alitembea sebule nzima akionyesha walinzi walivyompisha.

Halafu akauliza: sasa mzee anasemaje?

Nilipaswa kumsemea mzee. Sikuwa nimejiandaa. Nikafungua mdomo na kilichotoka si sauti ya Mwambazi, ni ya Tsawe kabisa, na kile kikohozi chake. "Mumenitoa kwangu ndani ya pipa. Mke wangu kalala pale chini ya udongo. Sasa watasema nimekimbia, na kweli nimekimbia."

Cliff akaacha kucheka. Nyokabi alinitazama muda mrefu. Nikasema nina mafua.

Jumatano, 13 Agosti

Vitengeni, kwenda na kurudi. Niliomba ruhusa kazini, pale dukani Barani hapa Malindi, nikamwachia mwenzangu mashine ya fotokopi.

Nilikuwa na mpango wa pipa. Nimchukue Tsawe, tuseme anakwenda kliniki ya macho, asirudi. Hakutaka hata kunisikiliza. Alikuwa amekaa barazani kwake anasuka kamba, kanyooka vilevile. Akanicheka. Huniita mke wangu, utani wa babu na mjukuu, na leo pia kaniita hivyo, akaniuliza chumba changu cha Malindi kina ukubwa gani, na mbuzi watalala wapi.

Basi nikatoa piko, rangi nyeusi ya nywele. Nilikuwa nayo mkobani. Wazee wengi siku hizi wanapaka, wapite njiani bila kutazamwa, maana mvi tu zinatosha mtu kuitwa mchawi. Nikamwambia akubali hili moja tu.

"Mke wangu, mvi zimekukosea nini?"

Lakini akainamisha kichwa. Kwa ajili yangu. Nilimpaka mwenyewe kwa mswaki wa zamani, polepole, nyuma ya masikio, juu ya shingo. Ngozi yake laini. Alifumba macho kama mtoto anayeoshwa. Nilipomaliza alionekana mtu mwingine — si kijana, si mzee. Nililia nikielekea stendi. Nilidhani ni furaha.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeharibu. Nimeharibu mimi mwenyewe kwa mikono yangu!

Kadii kapiga asubuhi. Vijana walimwona Tsawe kisimani na kichwa cheusi tii. Kwanza walicheka. Kisha hawakucheka tena. Kalume kasimama mbele ya watu akasema: kama hana kosa, anaficha nini? Wale waliokuwa upande wetu wamenyamaza. Piko yangu imekuwa ushahidi.

Nilikwenda kwa Nyokabi na kitabu, nikakaa, nikashindwa kukifungua. Nikawaambia yote. Mwambazi ni Vitengeni. Mzee ni wangu.

Joram alikasirika. Sijawahi kumwona hivyo. Akasema nimewachezesha juu ya kichwa cha mtu aliye hai, na yeye alifurahi kukata watu, na watu hao kumbe ni jamaa zangu. Akatoka nje. Nilisikia akitembea uani. Nilistahili.

Cliff akauliza: kwa nini hukutuambia tu, dada? Mchezoni najua kila mtu atasema nini. Labda ndiyo sababu.

Joram aliporudi, Nyokabi akasema: tumebakisha njia moja, tuijaribu. Mimi niwe Kalume, yeye aje kuzungumza. Nikanyoosha mkono kuchukua dadu. Akaifunika kwa kiganja. Hii haitupiwi dadu, alisema.

Nikawa Kalume. Nikakunja uso. Nilikuwa na majibu yote tayari, ya kiburi na ya vitisho. Nilimngoja amtetee mzee.

Hakumtaja mzee. Alikaa chini sakafuni, akasema: "Pole, baba. Mtoto wako aliitwa nani?"

Sikujua.

Nilikaa pale na uso wa Kalume na sikujua jina la mtoto wake. Nimemwona mara mbili au tatu. Aliishi miaka sita! Kalume alikuwa akimwita Baba — "Baba, njoo. Baba, kula." Nami sikuuliza zaidi.

Nyokabi akauliza, sasa akiniuliza mimi Sidi: ulipokwenda kuzika hukusikia?

Sikwenda kuzika. Maziko yalikuwa Jumapili ya tarehe ishirini Julai. Nilikuwa hapa, kwenye kiti hikihiki, nawasimulia juu ya joka. Nilimtumia Kadii ujumbe kwamba kazi imenibana. Kwetu unaweza kukosa harusi, ukakosa Krismasi, watu wakakusengenya na wakasahau. Hanga, yaani matanga, hukosi. Huendi hanga ya mtoto wa baba yako mdogo, halafu unafika baadaye na mswaki wa piko!

Joram ndiye aliyeosha vikombe.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimemuuliza Kadii jina. Akashangaa. Si ni Thoya! Jina la baba yake Kalume, angeitwa nani tena?

Mimi Mgiriama. Najua fika mtoto wa kwanza hupewa jina la babu yake. Najua baba mtu hawezi kulitamka jina la mzazi wake hovyo, ndiyo maana humwita mwanawe Baba. Najua yote haya na sikuwahi kuyakusanya.

Kumbe ndiko yalikotoka maneno. Thoya wawili mji mmoja. Mdogo kaondoka kwa homa ya siku tatu, mkubwa yupo, anasuka kamba. Watu wakasema mkubwa anakula miaka ya mwenzake. Na siku ya kunyolewa, hanga ilipokwisha, waliwanyoa jamaa wote, Tsawe wakampita kama hawamwoni. Kwa hiyo hata kuomboleza alinyimwa. Mjukuu wake, mwenye jina lake! Na mimi nikaenda nikapaka rangi zile nywele walizokataa kuzinyoa.

Kadii kaongeza jingine. Tsawe aliwaambia sikufika mazikoni kwa sababu nilikuwa mgonjwa. Alinisitiri mbele ya Kalume.

Jumamosi, 23 Agosti

Vitengeni. Saa nne na nusu asubuhi. Naandika nimekaa kwenye mkeka karibu na jiko la Pola, mkewe Kalume, kwa sababu mikono inahitaji kazi.

Nilifika mapema kwa Tsawe. Nikamkuta barazani, kichwa kitupu! Alimwambia Kadii alete wembe. Nywele zote zimekwenda, zile nyeusi zangu na mvi mpya zilizoanza kuchipuka chini yake. Nikamwomba msamaha. Akapapasa kichwa, akasema ni baridi, mke wangu, na ilipasa niwe nimenyoa siku nyingi. Kisha akachukua bakora yake. Sikumwambia tuje huku. Yeye ndiye aliyetangulia.

Uani alikuwapo Kalume na vijana watatu. Amekonda sana. Nilimpenda utotoni, alinifundisha kuendesha baiskeli — nilikuwa nimelisahau hilo pia. Tsawe alisimama mbali, akangoja. Nikasema mimi kwanza.

"Shikamoo baba. Nimekuja kwa ajili ya Thoya. Sikuja kumzika. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nacheza mchezo na rafiki zangu Malindi. Ni aibu yangu. Poleni."

Nililitamka jina. Kijana mmoja akaguna. Kalume hakuitikia shikamoo. Lakini Pola, ndani ya jiko, alianza kulia kwa sauti, akatoka akanishika mkono akanikalisha hapa. Tumelia wote wawili. Kaniambia mtoto alipenda kulala na kofia. Hakuna aliyemuuliza kitu chochote juu yake tangu wazike, isipokuwa kafa vipi na nani kamuua.

Tsawe bado amesimama. Jua limempata kichwani. Hakuna aliyempa kiti.

Simu. Lewis. Wako kituoni Vitengeni, watano, wamepanda pikipiki tatu. Anataka nimpe jibu. Kutoka kituoni ni dakika kumi. Nimekata. Panga la Kalume limeegemezwa mlangoni, sijui ni la kila siku au la leo.

Mkobani ninayo dadu, ile ya pande ishirini. Sijui kwa nini niliibeba. Nimeigusa nikaiacha.

Pola ameinuka. Amechota maji mtungini kwa kikombe cha bati, anampelekea Tsawe! Kalume kamzuia katikati ya uwanja. Kamnyang'anya kikombe. Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza yeye, ujue hana ubaya nawe. Asipoonja, hunywi. Tsawe anajua. Kalume anajua. Vijana watatu wanatazama kikombe, si watu.

Lewis tena. Nimemwandikia: kaa hapo hapo, usisogee, nakuomba kwa jina la mama yako.

Amesoma. Hajajibu.

Kalume kakishika kikombe kwa mikono miwili. Anakitazama kichwa kilichonyolewa cha baba yake. Maji yanamwagika kidogo kidogo kwenye vidole vyake. Hajaonja. Hajayamwaga. Pola kanibana mkono mpaka naumia, na kule njiani nasikia pikipiki, sijui ni moja au ni —