Nyumba Imehama Nami Nikiwa Ndani

Besse, nimekufa kwa aibu na bado nacheka 😂😂

Leo si ndiyo wamehamisha nyumba yetu. Unajua baba na ba'mdogo Lanto hawasemeshani mwaka wa pili huu, sababu ya kiwanja. Baba akasema basi, abaki na ardhi yake, nyumba yangu ya mbao naibeba nzima nzima.

Mimi nikajua wanabeba baada ya adhuhuri. Nimejipaka ule unga wa mchele mweusi wa urembo uso mzima, mweusi tii, mara sakafu ikapanda. IKAPANDA, Besse!

Nachungulia dirishani, wanaume themanini chini yangu, mianzi ya kubebea mabegani.

"Nishusheni!"

"Tulia wewe!" baba anafoka. "Tukiitua kwenye mteremko huu itavunjika!"

Na Syamsir, Syamsir yule yule niliyekuambia nampenda, akainua macho akaniona. "Jamani, tumebeba na mzuka!"

Hapo hapo wa nyuma wakateleza kwenye tope. Nyumba ikalala upande wangu, nikashika nguzo nikajua leo nazikwa.

Unajua nani alikuja mbio akatia bega? Ba'mdogo Lanto! Alikuwa barazani kwake, mikono kifuani, anatazama tu. Nyumba ikasimama. Akaniona.

"Kumbe uzito wote ni huyu! Kaka, unamlisha nini?"

Wanaume themanini wakamgeukia baba.

Baba akasema, "Waniuliza mimi? Si anakula kwako kila siku?"

Wakacheka wote wawili mpaka nyumba ikatikisika.

Besse, miaka miwili napitia mlango wa nyuma, kumbe baba anajua!