Mtani Aliyekataa Kuku Kaburini

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie maana moyo wangu hautulii. Juzijuzi tulimzika baba yetu, mzee Bonaventura, hapa Lindi, na kabla jeneza halijashushwa mtani wetu Abilahi wa Kilwa Kivinje akaingia kaburini akajinyoosha chali, kama ilivyo haki ya watani, nami nikafanya haraka kumpa kuku wake atoke, kwa sababu mdogo wangu Laurenti, karani wa Dar es Salaam, alikuwa amekwisha kuinamisha uso kwa aibu. Abilahi akamkataa kuku. Akasema mle chini, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kila siku mnalia mila zimekufa, dunia imeharibika. Basi niambieni huyu mnayemzika alikuwa nani, na nyinyi mliobaki ni nani, nipate kutoka." Watu wakatazamana, padri akafunua kitabu chake, na mimi niliyesomeshwa falsafa seminari nikamsogezea kuku tena, nikaliona shimo lile kubwa kuliko kanisa. Mwishowe akatoka mwenyewe, akaniachia kuku, akasema atarudi siku ya arobaini kusikiliza jibu. Sasa Laurenti anasema Abilahi akikanyaga hapa yeye hakanyagi, nami sitaki kumpoteza ndugu yangu, wala lile swali siwezi kulifukuza, nifanyeje?

Klementi, Lindi

Klementi, marahaba, na pole sana kwa msiba. Nimesoma barua yako, nikaiweka chini, nikaishika tena. Lakini lazima nikugombeze. Ulimpa kuku ili anyamaze, siyo? Ndivyo tulivyo siku hizi: swali tunalikimbia, kisha tunakaa barazani kulalamika kwamba mila zinapotea. Falsafa uliyosomeshwa ilianza kwa watu kuuliza hivyohivyo, na Mungu amekuletea swali lilelile mpaka kaburini kwa baba yako, halafu unaona haya.

Sasa sikiliza. Abilahi usimzuie. Mwandikie Laurenti leo, habari ya aibu usimbishie, mwambie tu kwamba mtoto wa pili naye anadaiwa jibu. Nadhani anaogopa kuulizwa mbele za watu, kama ulivyoogopa wewe. Nawe katafute jibu lako kwa waliolima na baba yako, kwa waliogombana naye, kwa mkeo. Ukipata nusu, simama uiseme hiyo nusu.

Na kuku asichinjwe. Mpe mtama, akae uani mkimwona kila asubuhi, mpaka Abilahi mwenyewe aseme sasa nampokea.