Nilimwambia Mke Wangu Ndege Inachukua Siku Moja na Nusu

Mpendwa mshauri, nimemficha mke wangu urefu halisi wa safari ya kwenda kwa binti yetu, na naomba unisaidie nisije nikaingia na siri hiyo kaburini, maana daktari ameshaacha kunizungumzia habari za mwakani.

Nilifundisha jiografia hadi nikastaafu, mke wangu ni fundi cherehani, na binti yetu alipohamia ng'ambo mama yake aliniuliza, "Mwalimu, ni mbali kiasi gani?" nikalishusha tufe la dunia kutoka kabatini, nikamwomba uzi, nikaubana kwa kidole kwenye uwanja wa ndege wa kwetu, na badala ya kuupeleka moja kwa moja nikauzungusha upande wa pili, ukapita mgongoni mwa dunia mpaka ukamfikia binti kwa nyuma, nikaupima, nikapiga hesabu kwa mwendo wa ndege, nikamwambia siku moja na nusu, hewani tu, naye akashika magoti yake, "Nikae nimekunja miguu hii siku moja na nusu? Nitamwona kwenye simu," na tangu hapo kila tikiti ambayo binti anataka kumtumia anaikataa, wakati ukweli ni saa tisa, ndege moja, unakula mara mbili umefika.

Sasa binti amejifungua mtoto wa kwanza, hawezi kusafiri na kichanga, na mke wangu anashona vinguo vya kutuma kwa posta huku akijifuta macho akidhani simwoni. Nikimwambia, atanisamehe?

Mwalimu Mstaafu

Shikamoo Mwalimu. Kwa maradhi nakupa pole; kwa huo uzi sikupi. Nimecheka peke yangu hapa mezani, kisha nikafika kwenye vinguo vya mtoto, kicheko kikaniisha. Bibi wa watu ananyimwa mjukuu kwa hesabu zako! Kama atakusamehe, muulize yeye, si mimi. Leo hii, kabla hajakaa kwenye cherehani, lishushe tufe uupitishe uzi njia fupi, naye anaona. Kesho muulize daktari kama unaruhusiwa kupanda ndege. Ukiruhusiwa, nendeni wote, na mama apewe kiti cha pembeni mwa njia anyooshe magoti. Ukikataliwa, aende yeye, wewe utafute ndugu wa kukuangalia. Halafu, mzee wangu, umenieleza ulivyodanganya, sababu umeiruka. Yeye hatakuachia.

Mshauri, kweli hakuniachia. Kwanza aliutazama uzi, kisha akanichapa begani kwa kitambaa, "Mzee mzima! Na majirani wote niliowaeleza?" akacheka mpaka akakaa chini. Daktari ameniruhusu, tikiti zimefika. Ndipo akauliza, "Sasa kwa nini? Ulidhani nikienda sirudi?"

Nikamwambia hapana, mke wangu. Mimi niliyechora njia za ndege ubaoni miaka yote ile, naogopa kupanda ndege.